Nilivyoua mwarobaini wa wazee wa bao, na ninavyoulipa

Mti wenyewe ulikuwa kwenye kona ya mtaa wetu hapa Gongo la Mboto, umekaa pale tangu barabara haijachongwa. Chini yake wazee walikuwa na benchi na bao lao, muuza kahawa anapita asubuhi na jioni. Mwaka 2020, corona ilipoingia na mji mzima ukawa unapiga nyungu, yaani unajifukiza mvuke wa majani, mimi ndiye niliyeumaliza.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka ule harusi zilisimama, cherehani ikakaa imefunikwa kanga. Miti shamba niliijua kidogo kutoka kwa shangazi yangu wa Kisarawe, Mzaramo anayetibu watu wa kijijini kwao tangu sijazaliwa, nikaona hapa pana riziki. Nikaanza kufunga mafungu ya nyungu: mwarobaini, mpera, mchaichai, majani ya mlimao, na mkaratusi nikiupata. Fungu shilingi elfu moja. Siku nyingine hadi saa nne asubuhi nimeshamaliza yote.

Majani hayakuwa na shida. Mwarobaini hata ukiukwangua leo, baada ya wiki chache umechipua tena. Shida ilianza wateja walipotaka magome. "Dada, majani yana nguvu ndogo, tupe gome." Nami nani wa kukataa hela? Nikachukua panga, nikabandua kuanzia usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa, nikauzunguka mti mzima. Ndani ulikuwa mweupe, una majimaji, unateleza kama muhogo uliomenywa. Nakumbuka nilifurahi jinsi gome lilivyokuwa linatoka kirahisi.

Nilichokuwa sikijui ni hiki: chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia tabaka la ndani la gome. Ukilitoa mzunguko mzima umeifungia mizizi chakula, na hauoni lolote siku hiyo. Maji bado yanapanda kwa ndani ya shina, majani bado ya kijani, unajiona mjanja. Masika ya 2021 mti ukatoa majani madogo madogo, ya njano. Kufika vuli ukawa kuni. Mwenye kiwanja akaleta mtu wa msumeno, wazee wakahamishia bao lao kwenye kibaraza cha duka ambako jua la saa nane linawapiga usoni.

Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja tu, nilipomwamkia, aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Umeshapata mti mwingine?" Mpaka leo sijajua kama alikuwa anauliza au ananichoma.

Nikaenda kwa shangazi. Daladala hadi Pugu Kajiungeni, nyingine hadi Kisarawe, kisha bodaboda. Nilipomsimulia alicheka kwanza, akacheka sana, halafu akachukua kijembe na kidumu cha maji akaniambia twende nyuma ya nyumba, kuna mtu anaumwa fizi anataka mswaki wa mdaa.

Mdaa kwetu ni mti wa mambo mengi. Mzizi wake unatafunwa kusafisha meno, unapaka midomo rangi ya hudhurungi, na wasusi wa mikeka wanautumia kutia ukili rangi. Lakini ni mti usio na haraka, na kwa kuwa kinachotakiwa ni mzizi, anayeuchimba vibaya anaondoka na mti mzima. Shangazi alifika akachuchumaa, akaweka sarafu ya shilingi mia mbili chini ya shina, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na jirani: "Tumekuja kuomba, hatukuja kuiba. Mtu wetu anaumwa." Akachimba upande wa mawio, akafuata mizizi kwa vidole, akakata mmoja mnene kama kidole gumba. Akazunguka upande wa machweo, akakata mwingine mwembamba zaidi. Mashimo yote mawili akayafukia kwa mikono, akashindilia kwa kisigino, akamwagia maji ya kidumu.

"Shangazi, mbona kaskazini na kusini huchimbi?"

"Na wenyewe utakula kwa wapi?"

Sarafu najua inakoishia: watoto wa jirani wanakuwa wameshajificha nyuma ya choo wanatungoja tuondoke. Shangazi naye anajua, wala hajali. Mimi nilichookota pale ni kule kuchuchumaa. Ukishakaa chini ukaeleza shida yako ndipo unapoona kwamba mti huu kuna mtu ameshauchimba mwezi uliopita, au kwamba hapo pembeni kuna mche ulitaka kuukanyaga.

Nilirudi Dar nikanunua kaunta buku. Kila mmea ninaoutumia una kurasa zake: uko wapi, ni wa nani, nimechukua nini na lini, nimerudisha nini. Safu ya mwisho ilikaa tupu miezi mingi, naona aibu hata kuifungua.

Kitu cha kwanza nilichoacha ni biashara ya mizizi. Ukipita Kariakoo utaikuta imefungwa mafungu, mingine imeshasagwa unga, na muuzaji hawezi kukwambia imetoka wapi. Mingine mtu akitaja tu Pugu najua. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na una mimea ambayo haioti kwingine kokote duniani. Kuingia kuchimba bila kibali ni kosa, na hata ingekuwa si kosa, msitu umebaki mdogo. Najua mkaa umekata miti mingi kuliko waganga wote tukijumlishwa. Lakini mwenye mkaa hajaniomba nimwandikie daftari.

Kwa hiyo kazi yangu sasa ni ya majani, maua na mbegu, vya mimea inayoota mtaani kwetu. Na hapo nako nilikosea tena. Kivumbasi kilikuwa kimejaa kwenye kiwanja cha wazi karibu na reli, wenyewe tunakichoma jioni kufukuza mbu au tunakitundika dirishani. Nikajisemea hiki ni magugu, hakiishi. Nikakifyeka chote kikiwa ndiyo kwanza kinatoa maua, maana hapo ndipo harufu inapokuwa kali. Masika iliyofuata nikaenda na kapu langu, nikakuta nyasi. Kivumbasi kinarudi kwa mbegu, na mbegu nilizibeba zote nyumbani kabla hazijakomaa. Nyuki waliokuwa wanavuma pale nao sikuwaona.

Mbegu za kuanzia upya nilipewa na mama mmoja wa Majohe, kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa. Nilizitawanya mvua za kwanza za vuli. Sasa sheria yangu ni rahisi: nakata matawi ya pembeni, shina la katikati siligusi mpaka mbegu zikauke na kupukutika zenyewe, na robo nzima ya upande wa reli siikanyagi. Kiwanja chenyewe kina mwenyewe na siku atakapojenga tutakosa. Dar ya sasa mtu akimaliza nyumba anamwaga pevingi kutoka ukutani hadi getini, hapabaki hata pa kuota mchicha. Ndiyo maana kila jirani anayeniomba dawa ya mbu simpi majani matupu. Nampa na mche ndani ya kopo, akauweke kibarazani.

Jambo jingine ambalo shangazi hakuwa na haja ya kulijua, mimi ninalo: uchafu. Bonde la Msimbazi ni kijani mwaka mzima na lina mimea mizuri ya kutamanisha. Mto unaanzia huku kwetu milima ya Pugu ukiwa msafi, ila ukishapita viwandani na kwenye vyoo vya watu ni habari nyingine. Watafiti wamekuta metali nzito kwenye mboga zinazolimwa bondeni, na mboga ikizinyonya, dawa itaziacha? Sichumi kule, wala kando ya barabara kubwa. Ninachochuma naosha, naanika kivulini juu ya ungo, kwenye jua majani yanapoteza rangi na harufu.

Watu nao nimejifunza kuwarudisha. Mtu mwenye homa simpi mwarobaini, namwambia akapime malaria zahanati, akikutwa nayo ameze dawa mseto amalize dozi. (Dawa mojawapo ndani ya mseto wenyewe chimbuko lake ni mmea, pakanga ya Kichina, kwa hiyo sioni kama nimeisaliti miti.) Mama mjamzito simpi mwarobaini kabisa. Mtoto akiharisha, ORS kwanza, na akilegea ni hospitali, chai ya majani ya mpera ibaki ya sisi wakubwa tuliokula vibaya. Anayemeza vidonge vya presha au sukari namuuliza daktari wake kamwambiaje kuhusu miti shamba, na mara nyingi hajamuuliza. Nimepoteza wateja kwa maneno haya. Nilipoanza kufuatilia usajili, kwa kuwa sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 inataka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, nilianzia kwa mtendaji wa mtaa, na yeye ndiye aliyeniuliza kwa kutania kama kwenye barua ya kunitambulisha ataje na ule mti.

Ule mti. Mbegu za mwarobaini haziwekeki, ukizikausha ukaziacha kabatini miezi mitatu umepanda mchanga. Niliokota matunda ya njano chini ya mti mmoja wa Pugu ambako popo walikuwa wameshanifanyia nusu ya kazi, nikamenya yaliyobaki, nikaosha mbegu ule utelezi ukaisha, nikazianika kivulini siku tatu, nikazipanda kwenye viriba siku hiyo hiyo ya tatu. Zikaota ndani ya wiki mbili. Masika ya 2022 nilipeleka miche mitatu pale konani baada ya kumwomba mwenye kiwanja, ambaye alikubali kwa sharti niipande karibu na barabara.

Wa kwanza uliliwa na mbuzi. Wa pili ulifukiwa na kifusi cha mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga. Nilipoufukua ulikuwa umeshaoza. Wa tatu niliuzungushia tairi kuukuu la gari na miba ya mkunazi, na kila jioni ya kiangazi nilikuwa napeleka ndoo moja ya maji ya kufulia ya mwisho, yasiyo na sabuni. Mwaka wa kwanza wazee walinitazama tu nikipita na ndoo. Mwaka wa pili siku moja nilichelewa, nikakuta tairini kumeshalowa.

Sasa mti umepita paa la duka. Benchi lilirudi mwaka jana. Saa saba mchana kivuli kinatosha watu watatu na wachezaji huwa watano, wamekubaliana kwamba anayefungwa anahamia juani. Juzi kijana mmoja alikuja na mfuko wa rambo akauliza kama anaweza kupata gome kidogo, mama yake anaumwa tumbo. Yule mzee hakuinua hata macho kwenye kete zake.

"Muulize Mama Magome," akasema, akinielekezea mimi kwa kidevu.

Nikampa majani ya mpera, na kopo la mche wa kivumbasi.