Neti ikigoma usikimbilie kuzima rauta

Neti ikigoma nyumbani kila mtu anakimbilia kuzima rauta na kuiwasha, ikirudi watu wanashangilia, kesho mchezo uleule. Mi siku hizi nikiitwa rauta siigusi kwanza, nakaa kwenye kompyuta nafungua dirisha la amri la Windows naandika ipconfig, naangalia kompyuta imepewa anwani gani, yani namba yake kwenye mtandao. Ikianza na 169.254 ujue iliomba anwani haikujibiwa ikajipa yenyewe, sa hapo unampigia mtoa huduma wa nini? Shida iko humohumo ndani, kati ya kompyuta na rauta. Ikiwa ina anwani ya kueleweka napingi rauta (naandika ping na anwani yake nione kama inajibu), alafu napingi 8.8.8.8 ambayo ni seva ya Google huko nje, alafu jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu ila jina halifunguki basi ni DNS hiyo, ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba, unaweka DNS nyingine maisha yanaendelea.

Ila iliyonichosha ni ya kwa shemeji. Alichukua rauta ya mtumba ili waifai ifike chumba cha nyuma, akavuta waya kutoka rauta ya kwanza akachomeka LAN kwa LAN (matundu ya waya ya mtandao wa ndani), taa zikawaka, akaona kazi imeisha. Kumbe zote mbili anwani yao ni 192.168.1.1 na zote zinagawa anwani kwa vifaa, yani nyumba moja wenyeviti wawili, kwaiyo simu ya dada inapata, laptop ya mtoto haipati, baada ya nusu saa wanabadilishana. Mafundi wote waliopita wanamwambia "bosi bando limeisha" 😂 Nilivyoandika arp -a, amri inayoonyesha kila anwani ni ya kifaa gani, mara mbili tatu ndo nikaona, 192.168.1.1 ni ileile lakini MAC yake, yani namba ya kifaa chenyewe, inabadilika.

Dawa yake: ile ya pili ichomoe kwanza, unganisha na laptop peke yake, ipe 192.168.1.2, zima DHCP (ndo inayogawa anwani), ndo uirudishe LAN kwa LAN. Usijaribu kuiseti ikiwa bado imeungwa na mwenzake maana ukifungua 192.168.1.1 hujui umeingia kwa nani.

Kuna kitu kingine nilikiona palepale, waya wenyewe umepita chini ya mlango umebanwa mpaka umekuwa bapa, na nikiuchomeka kwenye kompyuta inaonyesha 100Mbps wakati rauta zote ni za giga, yani 1000Mbps. Giga inataka jozi zote nne za nyuzi, 100 inaridhika na mbili, kwaiyo ikikatika jozi ambayo 100 haiitumii neti haifi, inashuka tu kimyakimya na hakuna anayestuka. Nimemwambia shemeji anunue waya mwingine apitishe juu ya dari. Anasema mwisho wa mwezi.