Mkate wa Baba, usiku stima ilipopotea karibu nchi nzima

Baba yangu ni mtu wa mkate. Kwetu Vihiga watu wengi asubuhi wanakula viazi vitamu ama nduma ama kiporo cha ugali na chai, lakini yeye tangu nikiwa mdogo ni mkate tu, ule mweupe wa gramu 400, anaukata katikati, nusu ni yake na ile nusu ingine tunagawana sisi watoto na Mama. Anachovya kwenye chai polepole na haongei na mtu mpaka amalize. Alikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi, mkali vibaya sana, na sisi tulikuwa tunajua saa ya mkate ikiisha tu ndio saa ya kumwomba pesa ya tripu.

Mwaka 2023 akapatikana na sukari, ile ya aina ya pili. Akapewa dawa na akaambiwa vitu vya kupunguza, cha kwanza kabisa mkate mweupe na sukari ya chai. Baba ni mtu wa kufuata maagizo, aliacha vyote viwili siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba hakuweka kitu kingine mahali pake. Mama akinipigia simu ananiambia babako ameamka, amekunywa chai ya rangi tupu, ameenda shamba, viazi vitamu hataki, uji hataki, ukimwekea yai analisukuma kando. Amekonda mpaka shati la kanisa linamvaa yeye. Na mtu anameza dawa za sukari hafai kukaa njaa hivyo, zingine zinaweza kushusha sukari ghafla mtu akaanguka huko shambani peke yake bila wa kumwona. Hiyo ndio ilikuwa inaninyima usingizi huku Nakuru kuliko hata huo ugonjwa wenyewe.

Ukimwambia mtu orodha ya vitu asile halafu umwache hapo, umemfanyia nusu ya kazi. Mimi naamini hivyo mpaka leo. Nikasema huyu mzee nitamtafutia mkate wake, na nilitaka uwe mkate kweli, wenye unakatwa slesi na unachovywa kwa chai, usiwe kitu cha kumdanganya nacho.

Oti nilikuwa nayo tayari, zile za bapa za kupikia uji, juu mtoto wangu mdogo anaipenda. Uzuri wa oti uko kwa ule utelezi wenye unaona uji ukipoa, hizo ni nyuzinyuzi zinaitwa beta-glukani, zikiwa tumboni zinafanya chakula kipite polepole na sukari isipande kwa damu kwa kasi, na kolestro pia zinasaidia kuishusha. Lakini oti peke yake haishikani, haina ile gluteni ya ngano, so lazima uiweke pamoja na unga wa ngano, nami natumia unga wa atta, ule wa brauni wa chapati. Utamu nikaamua utoke kwa matunda, sukari ya kipakiti sitaweka hata kijiko. Na hapo nataka niseme wazi juu watu wanadanganyana sana kwa hii mambo: ndizi ni sukari pia, zabibu kavu ni sukari pia, na wanga ni wanga. Mkate wa aina hii hautibu mtu. Unampatia tu kitu anaweza kula kwa kipimo, slesi moja na protini kando, akae mpaka saa nne bila kutetemeka.

Ndizi zilitoka kwake mwenyewe. Alikuwa amenitumia mkungu mzima kwa parseli ya matatu, ndizi sukari za shamba lake, na mimi nikaziacha ndani ya kiroba zikaiva mpaka ganda likawa na madoa meusi. Hizo zenye watu wanatupa ndio zinafaa kuoka.

Ijumaa tarehe 25 Agosti Baba akafika Nakuru jioni, ameshuka matatu ya Kisumu, ana kamfuko kake ka dawa na suruali mbili, amekuja kuniona na wiki inayofuata nimpeleke akapimwe macho. Nilimwona kwa stegi nikajikaza tu nisilie, juu alikuwa mdogo kuliko venye nilimwacha Krismasi. Nyumbani akala sukuma na omena na kaugali kadogo, akanyamaza kwa kochi. Watoto walimzunguka na yeye anawajibu neno moja moja. Nikaingia jikoni.

Nilichanganya hivi. Oti kikombe kimoja na nusu nikailoweka kwa kikombe kimoja cha mala, yaani maziwa ya kuganda, ili ilainike, hiyo iache ikae kama nusu saa. Ndizi 3 nikaziponda kwa uma, mayai 2, mafuta robo kikombe, tofaa moja nikaligwaruza na ganda lake. Kando unga wa atta kikombe kimoja na nusu, baking pauda vijiko vidogo 2 kasoro kidogo, baking soda nusu kijiko kidogo, mdalasini, chumvi ya kubana na vidole, zabibu kavu kiganja kimoja na mbegu za maboga. Hiyo kasoro kidogo ya baking pauda ina maana yake. Nakuru tuko juu, kama mita 1,850 hivi, hewa ni nyepesi, mkate unafura haraka kuliko nguvu yake na ukitoka unabonyea katikati, so resipe ya mtu wa Mombasa ukiifuata vile ilivyo itakuaibisha. Nikachanganya majimaji na unga, mwiko mara chache tu bila kupiga sana, oveni ya stima nimeshawasha iko digrii 180, nimepaka sufuria mafuta.

Ilikuwa inaelekea saa nne kasorobo usiku. Giza. Nikajua ni ploti yetu, kuangalia dirishani naona mtaa wote, halafu dadangu wa Nairobi anatuma meseji ati huko pia hakuna, binamu wa Kisumu pia hakuna. Stima ilikuwa imepotea karibu Kenya nzima.

Sasa mimi niko na bakuli limejaa na siwezi kuliacha mpaka kesho. Mala na baking soda vikishakutana vinaanza kutoa gesi hapo hapo, na hiyo gesi ndio inainua mkate, ikiisha ndani ya bakuli imeisha, utaoka kitu kimekaa chini. Gesi ya kupikia ninayo lakini ni ya meko mbili za juu, haina oveni. Nikatoka nje na tochi ya simu nikagongea shosh wa mlango wa mwisho. Huyu ni mama mzee wa Ol Kalou anakaa na mjukuu wake hapa kwetu, na ashawahi kuniambia alikuwa anaoka keki za harusi miaka hiyo. Nilikuwa hata sijamaliza kueleza.

"Wee kairitu, unafikiri tulikuwa na oveni sisi? Leta jiko. Mchanga uko pale nyuma kwa fundi, chukua ule mkavu."

Baba akasikia tunasema mambo ya jiko akainuka kwa kochi bila kuitwa. "Mama, niachie moto," akaniambia. Ananiita Mama juu nimebeba jina la mamake. Tukaweka jiko nje kwa veranda, kabisa nje, juu makaa ndani ya nyumba imefungwa yanaua watu kila mwaka na sitaki mtu asome hii akajaribu akiwa sebuleni. Baba akawasha, akapepea na kifuniko cha ndoo, mpaka makaa yote yakawa mekundu na moshi ukaisha.

Shosh akaamuru. Sufuria kubwa, mchanga mkavu ndani kama vidole viwili kwenda juu, funika, uache upate moto vizuri kwanza. Mchanga ukiwa na unyevu unatoa mvuke na mkate unachemka badala ya kuoka. Halafu sufuria ndogo yenye mkate ikakaa juu ya huo mchanga, isiguse kuta za ile kubwa. Juu tukafunika na sinia la bati, na hapo ndio kazi ilipokuwa: akachukua koleo akatoa makaa mengi chini akayapandisha juu ya sinia, chini akabakisha machache tu. Moto wa chini unaunguza tako la mkate na juu bado ni uji, alisema, moto wa juu ndio unaoka. Kila baada ya muda ananyoosha mkono wake juu ya sinia, anautuliza hapo, anasema ongeza kimoja upande huu, toa kile. Yaani kipimajoto chake ni kiganja. Nikaangalia hicho kiganja kwa mwanga wa makaa, ngozi imekauka imepasuka kwa kulima, na kinajua moto hivyo.

Watoto wangu wakaja na blanketi wakakaa kwa ngazi. Mkubwa akauliza mbona hatungojei tu stima irudi. Na Baba, mwenye hajaongea sentensi nzima tangu afike, akavuta stuli.

"Njoo hapa. Ndani ya hilo sufuria kuna asidi na kuna alkali. Asidi ni gani?"

"Sijui, guka." Wamezoea kumwita guka, yaani babu, kama watoto wenzao wa Nakuru na hajawahi kukataa.

"Ni mala. Mbona mala ni kali ukionja?"

Akaendelea hivyo, akawatoa kwa mala akawapeleka kwa kaboni daioksaidi, akawaonyesha na vidole venye povu linanaswa ndani ya unga halafu joto linaushika usianguke tena. Akawauliza mbona mchanga, wao wenyewe wakajibu mpaka wakafika, ati mchanga unashika joto na unaligawa sawasawa. Nilikuwa nimesimama hapo na mwiko mkononi nikasikia ile sauti ya darasani yenye ilikuwa inanitetemesha utotoni, na sikutaka stima irudi.

Halafu akaniuliza mimi, na hiki kitu chenye umeweka ndani ni nini hasa? Nikamwambia oti. Shosh akacheka sana. "Oti? Sisi Ol Kalou tunapandia ng'ombe." Na ni kweli, huko Nyandarua na juu Molo oti inapandwa sana kama lishe ya ng'ombe wa maziwa. Baba akamgeukia, akamuuliza kwa makini kabisa kama hao ng'ombe huwa wanakamuliwa lita ngapi. Akajibiwa. Akatikisa kichwa akasema basi waachie na mimi nikule.

Kwa oveni ingekuwa dakika 50 ama saa nzima, hapo kwa jiko ilizidi kidogo. Kwanza ikaja harufu ya mdalasini, halafu ya ndizi ikianza kukaangika pembeni, na watu wa ploti wakaanza kufungua milango wakiuliza ni nani huyo. Shosh akaondoa sinia taratibu jivu lisiingie, akadunga kijiti cha mshikaki katikati, kikatoka kikavu na vipunje viwili vya oti vimeshikilia. Umepasuka juu kwa mstari mmoja mrefu, umefanya rangi ya kahawia iliyokolea, na pembeni umeachana na sufuria wenyewe.

Kila mtu alitaka hapo hapo na nikakataa. Mkate wa oti na ndizi ukiukata moto ndani unanata, lazima upoe kabisa ndio oti imalize kunywa maji. Nikaufunga kwa kitambaa. Shosh nikamwambia asubuhi kipande chake kitamfikia.

Asubuhi stima bado. Nikachemsha chai kwa gesi, ya maziwa, bila sukari, na tangawizi. Baba akatoa mashine yake ya kupima sukari akajidunga kidole, ikasoma 8.2. Nikamkatia slesi moja ya upana wa kidole, na yai la kuchemsha, nikaweka mbele yake nikajifanya naosha vikombe. Akaigeuza, akaiangalia pale imekatwa, zile zabibu na zile mbegu za kijani. Akachovya. Nilikuwa naogopa itavunjikia kwa kikombe lakini ilishika. Hakuongea mpaka akamaliza, na yai pia akamaliza, akapangusa makombo kwa meza na upande wa mkono akayatia mdomoni.

Baada ya masaa 2 tukapima tena, 9.6. Mtaalamu wa lishe alikuwa ametuambia tukae chini ya 10 baada ya kula, so ikaenda kwa kadaftari kake na penseli, tarehe, saa, na neno mkate.

Halafu akachukua simu akampigia Mama na akaweka spika. Alimsomea resipe yote kama imla, kikombe kwa kikombe, anarudia, anauliza umeandika? Mama akamwacha amalize ndio akauliza sasa oti ataitoa wapi pale kwetu Chavakali na bei yake ni gani, na kama mimi nakataa aweke wimbi, juu wimbi iko kwa debe ndani ya nyumba. Nikamwambia wimbi ni sawa lakini isizidi theluthi ya unga, ikizidi mkate unavunjika, na aongeze yai moja. Baba akaongezea, na mchanga uwe mkavu. Mama akasema huo mchanga yeye anaujua kabla ya sisi wote, alete tu hiyo baking pauda akija.