Nilivyoacha tundu la hedifoni la risiva yangu

Nilishauriwa hivi: risiva (amplifaya ya spika yenye redio ndani) ina wati 100 kila upande, hedifoni itakosaje nguvu? Ushauri huo unakera, maana nguvu haikuwa tatizo hata siku moja. Risiva nyingi za stereo hazina amplifaya ya hedifoni. Sauti huchukuliwa kwenye njia ya spika, ikapitishwa kwenye rezista moja kila upande, mara nyingi ya omu 220 hadi 470, ndipo ifike tunduni. Rezista hiyo ndiyo ya kuchunguza.

Nilipima. Toni ya hezi 100 (multimita za kawaida hukosea masafa yakiwa juu), multimita kwenye volti za AC, kati ya ncha na shina la pini iliyochomekwa tunduni. Nikapandisha volyumu hadi isome 1.00. Nilipounganisha rezista ya omu 33 kwenye sehemu hizohizo, ikashuka hadi 0.09. Toa 0.09 kwenye 1.00, gawanya kwa 0.09, zidisha kwa 33: omu 334. Maana yake ndani mna rezista ya 330.

Kwa hedifoni ya omu 32 hilo ni janga. Sauti yenyewe inatosha, ila ukinzani wa hedifoni nyingi hupanda kwenye besi, na ukipanda, hedifoni inapata sehemu kubwa zaidi ya volti inayogawana na rezista. Ukitoka 32 hadi 64, besi inaongezeka zaidi ya desibeli 5, nzito na yenye kuvuma. Sennheiser HD 650, ya omu 300, hufika karibu 500 kwenye besi; hapo ongezeko ni kama desibeli 2 tu. Hedifoni za planari (zenye utando bapa badala ya koni) ukinzani wake haupandi wala haushuki, kwa hiyo besi haibadiliki.

Niliazima amplifaya ya hedifoni, nikaichomeka REC OUT, tundu la risiva la kutolea sauti ya kurekodi. Kimya kabisa. Chanzo cha muziki kilikuwa kimeunganishwa kwa waya wa optiko, yaani kidijitali, na risiva nyingi hazitoi sauti ya dijitali kwenye REC OUT. Zinatoa ya analogi tu. Nilipochomeka chanzo kwa waya za RCA, zile za analogi, ikaimba vizuri.

Kilichonifaa zaidi ni kisanduku cha rezista nne. Kila upande: omu 10 ya wati 10 kutoka chanya ya spika, kisha omu 1 ya wati 5 kwenda hasi, na hedifoni inaunganishwa kwenye miguu miwili ya hiyo ya omu 1. Hedifoni inaona ukinzani usiofika omu 1, risiva inaona omu 11 hivi, na sauti inapungua desibeli 21 pamoja na kelele za chinichini za risiva yenyewe. Kwa usikilizaji wa kawaida joto halifiki hata wati moja, lakini toboa kisanduku matundu ya hewa.

Lehemu ya rezista ya omu 1 ndiyo ya kuangalia mara mbili. Ikiachia, hedifoni ya omu 32 inapata zaidi ya mara nane ya volti yake, na koili inaungua. Kwa hiyo niliilehemu moja kwa moja kwenye tundu lenyewe, si kwenye waya unaoning'inia.

Kabla ya yote, chomoa risiva kwenye umeme, upime ukinzani (multimita ikiwa kwenye omu) kati ya hasi ya spika ya kushoto, hasi ya kulia na ganda la tundu la RCA. Pasiposoma karibu na sifuri, acha kabisa. Amplifaya za daraja (bridged) zina sauti hata kwenye hasi, na pini ya hedifoni inaunganisha hasi zote mbili: unaichoma risiva.

Kisanduku nimekifunga kwenye spika B (matundu ya jozi ya pili ya spika), nachagua B peke yake. Si A+B, kwa sababu risiva nyingine huziunganisha kwa mfululizo, na hesabu zote zinaharibika. Volyumu nashusha hadi sifuri kabla ya kuvaa.

HD 650 nimeiacha kwenye tundu la risiva.