Kozi Ngapi kwa Muhula wa Kiangazi?

Jana jioni nilikaa mezani na daftari, nikachora jedwali la siku saba na saa zake, kisha nikaanza kujaza visanduku kwa penseli. Nilikuwa nimepania kuchukua kozi tatu katika muhula wa kiangazi: takwimu, kemia na uandishi wa kitaaluma. Kila moja ina krediti tatu, na kwa mtu ambaye katika muhula wa kawaida huchukua kozi tano, tatu zilionekana nyepesi. Hata hivyo, nilipofika Alhamisi sikuwa na kisanduku kitupu cha kuwekea kemia, ila nikijinyima usingizi.

Nilikuwa nahesabu kozi badala ya kuhesabu saa. Vyuo vingi vinavyofuata mfumo wa krediti hukadiria kwamba krediti moja hudai saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki zipatazo 15, hivyo kozi ya krediti tatu huchukua saa 9 kwa wiki, yaani saa 135 kwa muhula mzima. Kiangazi hakipunguzi saa hizo, bali kinazibana. Saa 135 zikigawanywa kwa wiki 6 za kozi ya kiangazi ni saa 22 na nusu kila wiki. Kozi tatu kwa pamoja ni saa 67 na nusu, na hapo bado sijagusa kibarua changu cha saa 20 kwa wiki.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu mwaka jana nilichukua kozi mbili za wiki sita kwa mpigo, na katika wiki ya pili nikashikwa na homa kwa siku tatu. Muhula wa kawaida ungenivumilia: ningeazima daftari la mwenzangu, mambo yakaendelea. Lakini katika wiki sita, siku moja hubeba mafunzo ya siku mbili na nusu, kwa hiyo siku zangu tatu kitandani zilinigharimu zaidi ya wiki nzima ya masomo. Niliporudi, darasa la takwimu lilikuwa limeshamaliza nadharia ya uwezekano, jaribio lilikuwa keshokutwa, na tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi, ambayo nayo hubanwa kama mengine yote, ilikuwa imepita. Takwimu nilianguka, na ndiyo maana imo tena kwenye orodha ya mwaka huu.

Nimegundua pia kwamba kozi hazibaniki kwa namna moja. Takwimu, kwa maoni yangu, hunufaika na mwendo wa kila siku, kwa kuwa fomula ya jana bado iko kichwani unapofungua zoezi la leo, mradi tu usiwe na kozi nyingine inayokuvuta shati. Uandishi unahitaji rasimu ilale siku mbili tatu kabla ya kuisoma upya, lakini hilo linawezekana ukiwa na kozi hiyo peke yake. Kemia ndiyo iliyonisumbua zaidi, maana vipindi vya maabara na ripoti zake hula saa nyingi kuliko krediti zinavyoonyesha, na wakati wa kurudia jaribio lililoharibika haupo.

Kwa bahati nzuri, chuo chetu kimegawa kiangazi katika vipindi viwili vya wiki sita. Nimeamua kuchukua takwimu katika kipindi cha kwanza na uandishi katika cha pili, jambo linalonipa mzigo wa saa 42 na nusu kwa wiki pamoja na kibarua. Leo asubuhi nilikwenda kwa mshauri wa masomo na maswali mawili tu: je, kuahirisha kemia kutanifungia njia ya kozi zinazoitegemea, na je, krediti tatu kwa kipindi zinatosha kulinda msaada wangu wa ada? Alifungua mpango wangu wa masomo, akahamishia kemia kwenye muhula ujao, na kunihakikishia kwamba msaada huhesabiwa kwa krediti zote sita za kiangazi.

Nimeshajisajili. Safari hii nimeiandika tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya jedwali, na visanduku vyote vya Jumapili nimeviacha vitupu, ili homa ikija tena ikute nina siku ya kufidia.