Mgao wa umeme ulinikuta nanyoa, ukaniacha nasuka

Nilikuja Dar mwaka 2014 kunyoa. Binamu yangu alikuwa amekodi kiti kwenye saluni moja Tandika, chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia: upande wa barabarani vinyozi wawili, upande wa ndani akina dada wa kusuka. Kunyoa nilikujua kiasi cha kutolaumiwa. Kichwa kimoja 2,000, nusu ya bosi. Hakuna mteja aliyekuwa akirudi kwa ajili yangu, walirudi kwa sababu tulikuwa jirani na kituo cha daladala.

Halafu ukaja mgao wa 2015. Mwezi wa kumi maji ya mabwawa yalipungua hadi mitambo ikazimwa, na kwetu umeme ukawa unaondoka asubuhi unarudi watu wameshalala. Mashine ya kunyolea bila umeme ni chuma tu. Bosi alikuwa na jenereta, lakini ile ilitoa kelele kuliko umeme. Basi sisi tunakaa kwenye benchi tunahesabu bodaboda, na nyuma ya pazia kazi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Kusuka kunataka vidole, kichana cha mkia na mwanga wa mlangoni, basi.

Siku hiyo msusi mkubwa alikuwa na wateja wanne na msaidizi wake hajafika. Akachungulia kwenye pazia, akanirushia paketi ya rasta. "Wewe kaka, si umekaa tu? Nichambulie."

Kuchambua ni kazi ya anayeanza. Unagawa rasta vifungu vyenye unene mmoja, kisha unavutavuta ncha zipishane, ili msuko uishie mwembamba badala ya kukatika ghafla kama ufagio. Nilichambua. Vilipoisha, vidole vikaanza vyenyewe kusuka kifungu kimoja nilichokibana gotini. Nilishtuka dada kasimama mbele yangu.

"Nani kakufundisha?"

Nikamwambia hakuna. Nilikuwa namdanganya bila kujua.

Bibi yangu wa Pangani alikuwa msusi wa mikeka. Jioni tulikalishwa ukumbini, wajukuu wote, tunasuka ukili, ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Wenzangu wavulana walikuwa wanatoroka kwenda kuangalia pantoni ikivuka kwenda Bweni, mimi nilikuwa nabaki. Sijui kwa nini, labda kashata. Ukili una tabia moja: ukikaza mkono mmoja kuliko mwingine, unapinda, na mkeka ukishashonwa hautulii chini hata waukalie watu watano. Bibi macho yalikuwa yameanza kufifia. Kazi yangu aliipitisha vidoleni gizani, kisha anasimama mahali. "Mume wangu, hapa ulikuwa unawaza chakula." Na kweli, hapo ndipo nilipokuwa nimesikia harufu ya samaki.

Kumbe mkono ulikuwa umeshajua kulinganisha. Kilichobaki ni kuufundisha kwamba kichwa si ukili.

Nilijifunza kwa miezi mitatu. Mchana kunyoa umeme ukiwepo, ukikatika navuka pazia. Nilianza na twende kilioni kwenye vichwa vya watoto wa shule, kwa sababu mistari inakwenda nyuma moja kwa moja na mtoto hana la kusema isipokuwa kulia. Kuchana njia iliyonyooka kulinishinda kuliko kusuka kwenyewe. Utosi una mviringo, ukifuata jicho unapotea. Dada alinifundisha kuweka ncha ya kichana chini kabisa karibu na shingo, kisha kuivuta njia kwa mkono mmoja bila kusita.

Mteja wangu wa kwanza wa kulipa alitaka rasta ndogo ndogo. Nilimsuka saa saba, 15,000, na nilijiona bingwa. Nilikaza kwelikweli, nikidhani msuko unaobana ndio unaodumu. Siku ya tatu akarudi kajifunga kanga. Alipoifungua, kwenye paji lote kulikuwa na vipele vyeupe, na nywele za pembeni zimeanza kung'oka na mizizi yake. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma. Alisema tu, "Kaka, siku mbili nalala nimekaa." Nilimfumua kwa saa tatu, nikamrudishia pesa yake. Ya bosi nilikuwa nimeshaikabidhi, kwa hiyo nilikopa.

Tangu hapo nina mtindo wangu. Naanza na nywele zake mwenyewe, hatua mbili tatu, ndipo naingiza rasta kidogo kidogo, mzigo usianzie kwenye mzizi. Nywele changa za kwenye paji na masikioni siziingizi kabisa, hata mteja akilalamika kwamba hazijatokea vizuri kwenye picha. Nikimaliza mstari wa mbele namwambia apandishe nyusi. Ngozi ikivutika, nafumua hapo hapo. Wale wanaowashwa na rasta nawashauri wazilete siku moja kabla, naziloweka kwenye maji yenye siki, nazisuuza, nazianika. Wapo wasusi wanaoniambia napoteza muda. Wateja wao wanakuja kwangu na vipara vya pembeni, kwa hiyo sibishani nao.

Shida iliyobaki ilikuwa mimi mwenyewe, yaani suruali yangu. Dar imeshazoea mwanamume akisuka, mradi avae shuka. Wamasai wanasokota nywele za wanawake barabarani na hakuna anayewauliza swali, watu wanajua kwao morani husukana wao kwa wao. Lakini mimi mtu wa Pangani mwenye jinzi? Vijana wa kijiweni walikuwa na maelezo mawili: ama nimefuata wanawake, ama nina kasoro. Yale mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, ila kijiweni hilo si tatizo. Nilichofanya ni kuhamisha kiti changu mlangoni, mteja aonekane na kila mpita njia, na kutofungua mdomo kuhusu umbo la mtu wala la kwao. Mwaka wa pili waume wakaanza kuwaleta wake zao wenyewe na kunisubiri kwenye benchi lile lile la vinyozi.

Baba ndiye alikuwa mzito. Aliponipigia hakupandisha sauti. "Unashika vichwa vya wanawake wasio maharimu wako, mchana kutwa. Mimi nitakujibia nini?" Maharimu ni ndugu wa karibu ambao dini yetu hairuhusu kuwaoa; wengine si wa kuwagusa. Sikuwa na jibu na sikulitafuta la kumshinda. Ila nilimleta mjini binti wa shangazi, nikamfundisha kila nilichojua, na sasa nyuma ya pazia ni kwake. Mteja akiingia na buibui lake, simwulizi, nanyoosha mkono kuelekea ndani. Zaidi ya theluthi ya wateja wetu wanakwenda kwake, na mwezi wa Shaabani hadi sikukuu ni yeye anayelisha saluni.

Kiti cha kunyolea nilikirudisha kwa mwenyewe 2017. Bibi alikuwa bado hai, na nilipokwenda Pangani aliniitisha nimsuke mabutu manne. Nilipomaliza alipitisha vidole kichwani polepole, kama zamani, akasimama nyuma ya sikio la kushoto.

"Hapa?" nikamwuliza.

"Hapa hamna kitu. Nilikuwa najikuna."

Baba alikuwa amekaa kibarazani na mgeni, mlango uko wazi, wanatuona. Mgeni akamwuliza kijana anafanya kazi gani mjini. Baba akanitazama, mkono wangu bado uko kwenye kichwa cha mama yake.

"Kinyozi," akasema.