Nasaba ya Juzuu ya Tatu

Mwaka 2014, nilipokuwa nikifanya kazi ya kukagua vitabu vikongwe kwa niaba ya watu wanaotaka kuviuza, niliitwa Mji Mkongwe, Unguja, kuangalia juzuu ya tatu ya The Map of Africa by Treaty, toleo la 1909, ambayo wenyewe walisema ilitoka katika kasri la Sultani. Mwenye mali alikuwa bibi mjane, na aliyeniita ni mjukuu wake. Walitaka niandike historia ya umiliki wa kitabu hicho, yaani kilitoka kwa nani, kikapita kwa nani, kikafikaje pale.

Kitabu chenyewe kilikusanywa na Sir Edward Hertslet, mkutubi na mtunza nyaraka wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, aliyepanga kwa alfabeti ya majina ya nchi mikataba ambayo kwayo mataifa ya Ulaya yaligawana Afrika. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1894. Hili la 1909 lilisahihishwa na wengine, kwa kuwa Hertslet alifariki mwaka 1902. Maneno yaliyomo si adimu tena, maana kitabu kilichapishwa upya London mwaka 1967, na anayetaka kuisoma mikataba hana haja ya kuhangaika na karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Kwa hiyo nakala ya 1909 hupandishwa thamani, kwa kiasi kikubwa, na mikono iliyoishika. Mjukuu alilijua hilo vizuri. Alikuwa amesoma kwamba nakala ya George Washington ya sheria za mkutano wa kwanza wa Kongresi, yenye Katiba ya Marekani na maandishi yake mwenyewe pembeni, iliuzwa kwa mnada New York mwezi Juni 2012 kwa zaidi ya dola milioni 9, naye hakuona kwa nini kitabu cha Sultani kisipate japo chembe ya bahati hiyo.

Madai ya familia hayakuwa ya kupuuzwa. Aliyekuwa Sultani mwaka 1909 ni Ali bin Hamud, ambaye alisomea Uingereza, na kitabu cha namna hiyo kilimhusu moja kwa moja, kwa kuwa ndani yake mna mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya Novemba 1, 1886, yaliyombakizia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu, na yale ya Julai 1, 1890, yaliyompokonya hata sehemu ya ukanda huo. Lakini jambo kuwezekana ni kitu kimoja, na kuthibitika ni kitu kingine.

Kwanza nilijiridhisha kwamba ilikuwa chapa ya 1909 yenyewe, kwa sababu nakala ya 1967 ikivalishwa jalada la ngozi inaweza kumhadaa mtu. Herufi za risasi huikandamiza karatasi. Ukipitisha ncha ya kidole nyuma ya ukurasa, au ukimulika tochi kwa ubavu, utaona mabonde madogo ambayo uchapaji wa kupiga picha hauyaachi. Mabonde yalikuwepo. Tochi ileile, nilipoirudisha kwenye ukurasa wa jina la kitabu, ilinionyesha jambo jingine: chini ya mwaka wa uchapaji palikuwa na umbo la yai, karatasi imekwanguliwa kwa wembe hadi nyuzinyuzi zake zikasimama kama manyoya. Mtu alikuwa ameondoa muhuri.

Wakutubi wengi wa zamani walikuwa na desturi ya kupiga muhuri wa pili katika ukurasa wa ndani waliouchagua wao, ukurasa uleule kwa kila kitabu, ili anayeukwangua wa mbele asikumbuke kuutafuta. Nilifungua ukurasa mmoja mmoja. Muhuri ulikuwepo, umbo la yai, wino wa zambarau, wenye jina la ofisi ya serikali ya kikoloni ya upande wa bara na namba ya rejesta iliyoandikwa kwa mkono. Ofisi hiyo siitaji, kwa kuwa sina ushahidi wa kilichotokea ndani ya milango yake.

Kilichonivutia zaidi ni penseli. Katika ukurasa wa 899, ambako mapatano ya 1890 yanaanza, mtu fulani alikuwa ameipitia ibara ya kwanza kwa mistari myembamba iliyonyooka: mlango wa mto Umba, ziwa Jipe, upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha upande wa kusini mto Ruvuma, na pembeni akaandika nyuzi za dira. Ibara ya kumi na moja, inayozungumzia Sultani kuwaachia Wajerumani pwani yake pamoja na kisiwa cha Mafia, haikuguswa hata kwa nukta. Msomaji wa kasri angeanzia hapo. Huyu alikuwa mtu wa kupima mipaka, au angalau hivyo ndivyo ninavyoamini.

Nilirudi kwa bibi nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Haya niambie, cha Seyyid au si cha Seyyid?”

“Bibi, kina muhuri wa ofisi ya serikali, tena ya bara. Na muhuri wa mbele umekwanguliwa.”

Akanyamaza kidogo. “Basi marehemu kaiba?”

“Hapana, bibi. Mimi sijasema, wala kitabu hakisemi hivyo.”

Akaagiza kijaluba kiletwe, akatoa risiti ya muuza vitabu vya mitumba wa Mombasa, ya mwaka 1961, yenye jina la mumewe na jina la kitabu lililofupishwa. Hiyo ilikuwa habari njema kuliko alivyodhani, kwa sababu ilimweka marehemu mbali na wembe. Iliyobaki wazi ni miaka kati ya ofisi na duka, na mjukuu akanisihi niijaze kwa kuandika “huenda kupitia kasri”. Nilikataa. Pengo likiandikwa kuwa pengo, mtafiti wa kesho anaweza kulifanyia kazi. Likifunikwa kwa “huenda”, baada ya wauzaji wawili watatu huwa hakika.

Kwa kuwa mali ya serikali haibadiliki kuwa ya mtu kwa kukwanguliwa muhuri, tuliiandikia taasisi iliyorithi kumbukumbu za ofisi ile. Jibu lilichelewa, likaja: rejesta ya miaka hiyo haikusalia, nao hawakuwa na dai. Mhadhiri mmoja wa historia alikinunua kwa bei iliyomnunisha mjukuu, na alichokipenda hasa ni ile penseli.

Katika karatasi ya maelezo niliorodhesha muhuri uliobaki, muhuri uliokwanguliwa, pengo, risiti, na jibu la taasisi, kisha nikaongeza mstari kwamba, kwa masimulizi ya familia, kitabu kilitoka kasrini. Bibi aliisoma yote kwa miwani yake, akataka kitu kimoja kibadilishwe: pale nilipoandika “mmiliki binafsi, Unguja”, niweke jina la mumewe, la baba yake na la babu yake. Niliyaandika yote matatu, na mnunuzi akatia sahihi.