Usiku wa Mapigo ya GnRH

Msimamizi wangu wa masomo ya uzamili alikuwa hajibu swali ambalo seli zingeweza kulijibu zenyewe. Nilimuuliza inawezekanaje homoni moja ya haipothalamasi (sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi ya pituitari), yaani GnRH, ambayo ni mnyororo mfupi wa asidi amino 10, iifanye tezi ya pituitari izidishe LH wakati mmoja na FSH wakati mwingine, homoni mbili zinazoendesha ovari na korodani. Badala ya maelezo, alinikabidhi pampu na seli za LβT2, ambazo asili yake ni uvimbe wa pituitari ya panya, akaniruhusu kukesha maabara.

Niliziweka seli hizo katika vyumba vidogo vilivyopitiwa na majimaji ya lishe bila kukoma. Kundi la kwanza lilipewa GnRH kwa dakika 5 kila nusu saa, la pili likapewa dozi ileile kila baada ya saa 2, na la tatu likaipata mfululizo. Kazi ilikuwa ya kuchosha kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa muda wote nililazimika kuikodolea macho mirija ili viputo vya hewa visifike kwenye seli na kuzibandua.

Kulipokucha tulichuja RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, na mchana mistari ya PCR, kipimo cha wingi wa nakala hizo, ikaanza kupanda kwenye skrini. LH na FSH zina kipande kimoja cha pamoja, alfa. Kinachozitofautisha ni kipande cha beta, na kila beta ina jeni yake. Katika kundi la mapigo ya haraka, jeni ya beta ya LH ndiyo iliyokuwa imeamka zaidi. Katika kundi la mapigo ya polepole, ile ya FSH ikaongoza. Kundi la tatu, ambalo ndilo lililopata GnRH nyingi kuliko yote, lilikuwa limezorota.

Nilikwisha kusoma kwamba mwaka 1978 mwanafiziolojia Ernst Knobil na wenzake waliwapa GnRH nyani aina ya resasi ambao haipothalamasi zao zilikuwa zimeharibiwa: pigo moja kila saa lilirejesha homoni zote mbili, ilhali kuimimina mfululizo kuliziangusha. Hata hivyo, vitabu vingi vya kiada bado huchora mshale mmoja mnene kutoka haipothalamasi hadi pituitari, na kwa maoni yangu mshale huo unaficha jambo lililo muhimu kuliko yote, kwamba tezi hii husikiliza mwendo wa ngoma, si ukubwa wa sauti yake.

Msimamizi alinichorea ubaoni kilichomo ndani ya seli. Kila pigo huinua kwa muda mfupi protini iitwayo Egr-1, ambayo hushirikiana na protini nyingine, SF-1 na Pitx1, kwenye kianzishi cha jeni ya beta ya LH, sehemu ya DNA inayoiwasha jeni; mapigo yakifuatana upesi, jeni hiyo hubaki ikichochewa. Nikauliza ni nini basi kinachoibeba FSH. Akaandika "aktivini", akaeleza kwamba ni protini ambayo seli zenyewe huitengeneza na kwamba hufanya kazi kupitia protini za Smad, zinazopeleka ujumbe wake hadi kwenye jeni, kisha akanipa kichupa cha folistatini, protini inayoikamata aktivini na kuizuia.

Tulirudia mapigo ya polepole, safari hii folistatini ikiwa ndani ya majimaji. Jeni ya beta ya FSH ilishuka, ingawa GnRH iliendelea kufika kwa ratiba ileile.